Bati Kwanza, Rangi Baadaye

Mwenye gari la kale akifika kwa mafundi wa Gerezani, Kariakoo, neno lake la kwanza huwa rangi. Anataka damu ya mzee, au nyeusi inayong'aa hadi mtu ajione uso. Fundi bodi aliyeiva humsikiliza, huitikia kwa heshima, kisha huchuchumaa na kugonga ukingo wa chini wa mlango kwa kifundo cha kidole. Sauti ikiwa kali, pana bati. Ikiwa nzito na butu, pana pati iliyokandikwa zamani juu ya kutu, na nyuma ya pati hiyo huenda hakuna kilichobaki. Hapo mazungumzo ya rangi huahirishwa, na kazi yenyewe huanza.

Sura hii inahusu kazi hiyo: kurudisha bodi na ndani ya gari la zamani katika hali yake, mikononi mwa mafundi wa Kariakoo na pembezoni mwake. Inatetea hoja moja. Mikono ya kufufua magari Dar es Salaam inayo, na imekuwa nayo kwa miaka mingi. Kinachoharibu magari ya kale ya mji huu ni pupa ya wenye magari, wanaotaka mng'ao kabla ya uzima na wanaotupa vipande vya asili ambavyo havitapatikana tena.

Kwanza, ni magari gani hasa yanayofufuliwa? Marekani, yanayofufuliwa kwa mapenzi makubwa ni yale ya misuli, yenye injini kubwa ya silinda 8 ndani ya bodi ya gari la watu wa kawaida. Pontiac GTO ilitoka kama modeli ya mwaka 1964, mwaka uleule Ford walipozindua Mustang. Dodge Charger ikafuata mwaka 1966, na Chevrolet Camaro miezi michache baadaye. Enzi hiyo ilikatwa makali na bei ya mafuta, pale pipa lilipopanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12 kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974.

Magari hayo hayakujaa Dar es Salaam, na sababu zake ni nyepesi kuzieleza. Tanzania inaendesha kushoto, ilhali Mustang zenye usukani wa kulia hazikutoka kwenye kiwanda cha Ford hadi mwaka 2015. Mtu akitaka kuagiza moja leo, anakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na juu ya hayo ushuru wa ziada wa gari kuukuu. Gari la kupendezea macho hugeuka mzigo kabla halijatoka bandarini.

Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na mashujaa wake, na walipimwa kwa vumbi na matope. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, kisha mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Ford Escort ilimpa Hannu Mikkola ushindi mwaka 1972. Peugeot 504 ikatwaa kombe mwaka 1975 kwa usukani wa Ove Andersson. Mtu wa Dar es Salaam aliyekua miaka hiyo hakuhitaji filamu ya Hollywood kujua gari la kiume linafananaje.

Kati ya hayo yote, Peugeot 504 ndilo gari linalofaa zaidi kufundishia. Lilizinduliwa Septemba 1968, likachorwa na Aldo Brovarone wa nyumba ya Pininfarina, na mwaka 1969 likatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 3. Yaliunganishwa pia Mombasa na Kaduna, na toleo lake refu lenye safu tatu za viti lilibeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya kwa miaka mingi. Macho ya taa zake yaliyoinuka pembeni na buti lake lililovunjika mgongo katikati huonekana kwa mbali. Na lina ugonjwa mmoja ambao kila fundi bodi anaujua: kutu ya chini.

Dar es Salaam ni mji mgumu kwa bati. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kinachodanganya wengi ni kwamba kutu ya gari huanzia ndani, mahali jicho halifiki. Chini ya milango ya 504 kuna boksi la bati lililofungwa pande zote, lenye vitundu vidogo vya kutolea maji. Vitundu vikizibwa na tope la masika, maji hukaa humo miezi. Na kwa kuwa 504 haina chesisi ya kujitegemea, boksi hilo ni sehemu ya uti wa mgongo wake. Likilika, gari hulegea katikati, milango huanza kugoma kufunga, na mwenye gari huenda kununua kitasa kipya akidhani kosa ni la kitasa.

Kila gari lina mahali pake pa siri. Mustang za mwaka 1965 hadi 1968 huoza chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa kuingizia hewa, na dalili ya kwanza ni zulia la abiria kulowa mvua ikinyesha. Land Rover 109 iko kinyume. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa sababu mwaka 1948, Land Rover ilipoanza kuundwa, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza baada ya vita. Bodi haishiki kutu, lakini chesisi ya chuma chini yake hushika, na pale metali hizo mbili zinapogusana kwenye unyevu, aluminiamu huliwa na kuwa unga mweupe.

Mafundi wa mji huu walijifunza kazi katika shule ngumu. Baada ya bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni zilikauka. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikaongeza shida, na uagizaji wa bidhaa ulibaki chini ya mashirika ya umma hadi bajeti ya mwaka 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Katika miaka hiyo, mlango wa gari ukibomoka hapakuwa na mlango mwingine wa kununua. Fundi aliukunja kwa mkono. Madigadi ilikatwa kwenye bati tupu, ikapigwa juu ya gogo na mfuko wa mchanga hadi ikafuata mkunjo wa mwenzake wa upande wa pili. Ujuzi huo ndio ambao warsha za Ulaya na Marekani leo hutoza fedha nyingi, na hapa ulizaliwa na uhaba.

Kariakoo pia ina bahati ya kijiografia ambayo miji michache inayo. Kwa miguu, ndani ya muda mfupi, mtu anaweza kutoka kwa mchomeleaji wa Gerezani akapata bati, msasa, thina, rangi, mpira wa mlango wa kuuzwa kwa mita, sponji, leza, uzi mnene na zulia. Mitaa ya Msimbazi na Uhuru inaunganisha eneo lote hilo, na Keko, kwa mafundi samani, haiko mbali. Spea nyingi madukani ni za Toyota, hilo halina ubishi. Lakini gari likihitaji kitu kisichouzwa, kuna jirani anayeweza kukitengeneza, na jirani yake anayeweza kukishona.

Kazi yenyewe huanza kwa kuvua. Viti, mazulia, bampa, taa, vioo na vibati vya jina hutoka vyote, na kila skrubu huwekwa kwenye mfuko wake na kuandikwa. Simu ya mkononi imeleta neema hapa: picha ya kila kona kabla ya kufungua huokoa ugomvi wa baadaye kuhusu waya gani ulipita wapi. Kisha, kabla ya kukata popote, fundi mwangalifu huchomelea vyuma vya muda ndani ya tundu la mlango, kutoka nguzo hadi nguzo. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa sababu haionekani ikishaisha kazi. Anayeiruka akakata sakafu iliyooza hugundua kwamba gari limejikunja kidogo, na milango iliyokuwa ikifunga vizuri haitafunga tena.

Uchaguzi wa bati ni suala la geji. Bati la bodi ya gari lina unene wa kati ya milimita 0.7 na 1, kwa hiyo bati jeusi la geji 20, lenye karibu milimita 0.9, linafaa sehemu nyingi. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 ni jembamba mno, na zinki yake hutoa moshi mweupe unaomtia mchomeleaji homa. Hata hivyo viraka vya bati la nyumba huonekana mara kwa mara chini ya magari ya mji huu, vimefichwa kwa lami. Ni kumwibia mwenye gari, na akipata ajali ni kuhatarisha uhai wake.

Bati jembamba halichomelewi kwa mstari mmoja mrefu. Joto hulifanya livimbe na kujikunja kama karatasi iliyoloa. Fundi huweka nukta moja hapa, nyingine mbali kule, anasubiri lipoe, anarudi katikati, mpaka nukta zinakutana. Palipovimba, kuna ufundi wa kupendeza kuutazama: doa dogo hupashwa moto mpaka liwe jekundu, linagongwa taratibu huku chuma kizito kikishikiliwa upande wa pili, kisha linapozwa kwa kitambaa kilicholowa. Bati hujivuta na kurudi mahali pake. Hakuna mashine inayofanya hivyo vizuri zaidi ya mtu mwenye sikio na kiganja.

Kiganja hasa. Fundi bodi hupitisha mkono juu ya bati akiwa amefumba macho au akitazama pembeni, kwa maana jicho hudanganywa na mwanga. Hupitisha kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole. Bonde ambalo halionekani leo kwenye praima ya kijivu litaonekana siku rangi nyeusi ikipigwa, na litaonekana kwa kila mtu atakayesimama nyuma ya gari hilo kwenye foleni.

Baada ya hapo ndipo pati huruhusiwa. Haina dhambi ikitumiwa kwa kazi yake, ambayo ni kusawazisha vijibonde vidogo. Tabaka lake lisizidi milimita 3 au karibu na hapo. Pati nene hupasuka, hunyonya unyevu na kuupeleka kwenye bati. Hufuata msasa, kuanzia namba 80 ya kukwangua hadi 400 au 600 ya maji, na praima katikati. Huu ndio mwezi unaomchosha mwenye gari. Anapita kila Jumamosi, anaona gari la kijivu lilelile, na anaanza kushuku kwamba hakuna kinachofanyika. Hapa ndipo kazi nyingi za Dar es Salaam huharibika: bosi anashinikiza, fundi anaishiwa fedha ya chakula, rangi inapigwa juu ya kazi nusu.

Rangi ya asili hupatikana kwenye gari lenyewe. Chini ya mpira wa mlango, nyuma ya dashibodi na chini ya zulia la buti kuna vipande ambavyo jua halikuvigusa tangu kiwandani. Mchanganyaji rangi akipewa kipande hicho hupata jibu la uhakika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Upigaji wenyewe una adui wawili, vumbi na unyevu. Mafundi wasio na chumba cha kupulizia humwaga maji sakafuni na kupiga alfajiri, kabla mtaa haujaamka. Wakati wa masika, rangi za thina hushika ukungu mweupe zinapokauka, na tangi la kompresa hujaa maji yanayotoka na hewa na kuacha malengelenge chini ya rangi, lisipofunguliwa kumwagwa.

Kuna jambo ambalo halipaswi kupita kwa haraka. Rangi za kisasa za kuchanganya na kikaushio zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kumpa mpulizaji pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kemikali hizo. Mwenye gari anayeweza kulipia rangi anaweza pia kumnunulia kijana anayeipuliza barakoa inayofaa kwa kemikali hizo, na anapaswa kufanya hivyo kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa.

Kazi ya ndani huanza pale nje inapoisha, na ina utulivu wake. Jua la Dar es Salaam hukausha dashibodi mpaka ikapasuka. Ndiyo maana madereva wengi huifunika kwa zulia. Viti huumia zaidi kwenye mishono. Fundi viti mzuri haanzi kwa kukata leza mpya. Hufumua kiti cha zamani uzi kwa uzi, hulaza kila kipande juu ya karatasi, huchora umbo lake, na huhesabu mistari ya mshono. Kiti cha gari la miaka ya sitini kikishonwa bila mistari yake hufanana na kochi la sebuleni, na hakuna rangi ya nje itakayolificha kosa hilo.

Chini ya leza kuna spiringi, na kati ya spiringi na sponji kulikuwa na gunia. Volkswagen za mgongo wa mviringo zilitumia nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikanishwa kwa mpira. Leo Ulaya huagiza mito ya nyuzi hizo kwa posta, ilhali pwani yetu na Zanzibar nyuzi hizohizo, yaani usumba, bado husokotwa kamba. Kuna shaka moja tu: makumbi huozeshwa kwenye maji ya bahari, hivyo usumba unaokusudiwa kukaa juu ya spiringi lazima uoshwe kwa maji baridi mara nyingi, la sivyo chumvi yake italeta kutu ileile iliyokwisha kupigwa vita nje. Sponji ya dukani ni rahisi na hukaa vizuri miaka michache. Makumbi hupumua, na mgongo wa dereva kwenye joto la Januari hutambua tofauti.

Swali kubwa linabaki: kiasi gani kirudishwe upya? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lina Mkataba wa Turin, ambao unatanguliza kuhifadhi kilichopo, kisha kukarabati, na kufanya upya pale tu panapolazimu. Soko nalo limesema vivyo hivyo. Januari 2020, Mustang ya kijani ya mwaka 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt iliuzwa kwa mnada huko Florida kwa dola milioni 3.74. Haikupigwa rangi upya. Ilikuwa na kutu, rangi iliyochoka, na alama za vyuma vilivyoshikilia kamera. Aliyeinunua alilipia hayo hasa.

Kwa hiyo 504 yenye viti vya asili vilivyofifia lakini vizima isishonewe leza nyekundu. Usukani uliolainishwa na viganja vya mwenyewe miaka thelathini usibadilishwe na wa plastiki ya duka la mapambo. Rimu pana na taa za buluu zinapendeza vijana, na hakuna ubaya katika hilo kwenye gari la kila siku. Kwenye gari la kale ni hasara, kwa kuwa kipande kilichotoka huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Chuma hicho huyeyushwa viwandani na kuwa nondo.

Wanaotaka kuona kiwango cha juu wana mahali pa kwenda. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, huonyesha magari ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na kila kijana anayejifunza bodi angefaa kupelekwa kulitazama kwa saa nzima. Nairobi, klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa shindano la magari ya kifahari na ya kale tangu mwaka 1970, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Dar es Salaam haipungukiwi mafundi wa kushindana huko. Chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, kingeweza kuwaita wazee wa Gerezani kufundisha upigaji bati wa mkono wangali hai, na wenye magari wangeweza kulipa ada ya mwanafunzi mmojammoja.

Na aliye na Peugeot, Datsun au 109 iliyolala uani chini ya mwembe, asiite gari la kubeba skrepa kabla ya kumwita fundi bodi. Azibue vitundu vya maji chini ya milango, atoe mazulia yakauke, akusanye vibati vyote kwenye sanduku moja. Kazi ya bati ianze Juni, masika yakishapita, ili rangi iwe imekauka kabla ya mvua za vuli za Oktoba.